Salamu za Baba Zilizoishia Njiani

Shangazi yangu wa Didia ndiye mtu pekee aliyewahi kuielewa kazi yangu mara moja, na aliielewa kwa kuidharau. Nilikuwa nimemweleza kwamba siku hizi kuna akili mnemba za kampuni mbalimbali, na kila moja ina namna yake ya kuongeleshwa, lakini simu ya mfugaji inajua namna moja tu. Kwa hiyo hapo katikati inakaa programu inayopokea ombi la mfugaji, inaligeuza liwe kama huyu au yule anavyotaka, inalipeleka, kisha inarudi na jibu na kuligeuza tena. Programu hiyo tunaiita proksi, na mimi ndiye ninayeitunza. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa pua.

"Yaani umesoma kote kule ukawe mkalimani wa mahakamani?"

Basi ndiyo hivyo. Mkalimani. Ila wa mahakamani angalau hakimu anamjua kwa sura.

Mimi naishi Kalangalala, hapa Geita mjini, chumba cha uani nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Wapangaji wenzangu karibu wote wanashinda machimboni, na wakirudi jioni wamejaa vumbi mpaka kope, wananikuta nimekaa palepale waliponiacha, macho kwenye kompyuta. Wananitania: "Dada, duara lako limetema leo?" Nami huwajibu kwamba duara langu, tofauti na mashimo yao, halina dhahabu, lina matusi tu. Si utani sana. Nina hasira za karibu, nazijua, na kazi hii imezinenepesha.

Maana hizo akili mnemba, jamani, zina madaha. Mmoja anataka maelekezo ya jumla yakae peke yake juu kabisa, mwingine anataka yachanganywe na mazungumzo. Mmoja anakupa jibu lote kwa mkupuo, mwingine analidondosha neno moja moja kama bomba la mtaani siku ya mgao. Na yupo mmoja, huyu ndiye aliyenitia mvi, anayetaka zamu zipokezane: wewe useme, yeye ajibu, useme tena, ajibu tena. Ukisema mara mbili mfululizo kabla hajajibu, anakataa ombi zima. Hakuombi radhi, anakurudishia namba ya kosa na kukaa kimya.

Sasa vijana wa mjini tuliowajaribia huduma yetu walikuwa wanabonyeza na kuongea vipande vipande. "Mambo." Halafu "samahani." Halafu "kuku wangu." Halafu "wanakohoa." Kwa hiyo kwenye kikao, watu wa ofisini kwetu Dar nami nikiwa kwenye skrini, tukakubaliana proksi iwe na subira. Ipokee vipande, ivikalishe mahali pa kungojea, na swali likifika ndipo iviunganishe viwe ombi moja na kuvipeleka. Salamu tupu isipelekwe, maana kumsumbua mtu mkubwa kwa "mambo" ni kazi bure. Na jua likizama swali halijafika, kilichokuwa kinangojea kifutwe, pamoja na sauti yenyewe, kwa sababu tuliwaahidi watu kwamba hatutunzi sauti zao. Kila mtu akaona ni utaratibu mzuri. Hata mimi niliuona mzuri.

Huduma yenyewe ni ya wafugaji na wakulima. Unabonyeza, unaongea kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, unajibiwa kwa sauti. Mtu wa kwanza niliyetaka aitumie ni baba.

Baba alikuwa amebaki kijijini kwetu Didia tangu mama afariki. Ng'ombe wengine walishagawanywa, wengine walitoka kwa mahari za kaka zangu, akabaki mmoja, wa mama. Ng'ombe mwekundu, pembe moja imepinda mpaka inataka kuingia sikioni, na shingoni ana kengele ambayo mama aliinunua mwenyewe gulioni Tinde kwa sababu aliupenda mlio wake. Alikuwa anachungwa pamoja na ng'ombe wa jirani, lakini jioni wakirudi, kengele ile ungeitambua tangu barabarani. Mama alikuwa akiisikia anainuka kwenda kukoka moto. Baada ya mama kuondoka, baba akawa ndiye anayeinuka.

Kaka yangu mkubwa, wa Kahama, kila mara alimwambia baba ahamie kwake. Baba jibu lake lilikuwa moja: "Huyu wa mama yenu akifa, nitafunga kaya, nitakuja. Akiwa hai, nimwachie nani?" Kwa hiyo sisi sote tulijua. Kwetu kulikuwa kumeshikiliwa na ng'ombe mmoja mzee. Na mimi, niliyekuwa nikikaa Geita na kusema kila mwezi nitaenda kwetu mwezi ujao, nilikuwa namwombea yule ng'ombe kuliko ninavyojiombea mwenyewe. Nilikuwa napakumbuka kwetu kila siku. Nilipakumbuka asubuhi, ule ubaridi wa mchanga uani kabla jua halijapanda, moshi wa jikoni, na baba akisafisha koo nje ili tujue ameshaamka.

Kwa simu hatukuwa tunaongea. Baba ana imani yake kwamba simu inayoita ni ya msiba. Ya mama ilimkuta hivyo, simu iliita, akapokea, na tangu hapo hapendi kupiga wala kupigiwa. Ukimpigia anapokea kwa woga, "Kuna nini?" Ukisema hakuna, anashusha pumzi, "Haya, mhola duhu," yaani salama tu, na anakata. Nabaki na simu mkononi naongea peke yangu, khaa!

Ndipo nilipokwenda likizo nikamwekea ile huduma kwenye simu yake. Nikamwonyesha: bonyeza hapa, ongea, achia. Haiiti, haikatizi usingizi wa mtu, na ukiwa na shida ya ng'ombe utajibiwa.

"Huyo wa humo ndani ni wa ukoo gani?" akaniuliza, sura haina hata chembe ya utani.

Nikacheka. "Wa ukoo wangu, baba. Mimi ndiye ninayemtunza. Bila mimi hasemi kitu."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeridhika. Nikaondoka Didia nikijisifu kwamba nimemwachia baba msaidizi. Neno nililolisema pale uani sikulifikiria tena.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yamekaribia kuvunwa, niliahidi kwenda. Safari hii kweli, hata begi nililitoa juu ya kabati. Wiki ileile mmoja wa wale wakubwa wenye akili mnemba akatangaza kwamba anaifunga namna yake ya zamani ya kuongeleshwa, na kila anayemtumia ahamie namna mpya. Kila kitu alikuwa amekibadilisha, zamu zinavyoandikwa, jibu linavyorudi, mpaka jina la kosa. Nilizunguka chumba nikimtukana mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyowahi kufika. Mkuu wangu akanitumia ujumbe kutoka Dar: "Dada, tunakutegemea wewe, huduma isilale." Begi likarudi juu ya kabati, nami nikakaa chini kuandika upya tafsiri nzima.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo shangazi aliponipigia. Shangazi ana mji wake palepale Didia, hatua chache tu kutoka kwa baba, lakini alikuwa ameenda kwenye msiba Tinde, ndiyo kwanza amerudi.

"We mtoto," akaanza bila salamu, na shangazi asiposalimia ujue mambo yameharibika. "Ng'ombe wa mama yako hali majani. Kainamisha kichwa, kinyesi kikavu kama jiwe, hata kengele hailii maana hatikisiki. Baba yako amekaa naye tangu juzi."

"Afisa mifugo je?"

"Hajamwita. Anasema ameshaiambia simu yako, anangoja."

Nikageukia kompyuta. Huduma inafanya kazi, watu wa Kharumwa wanauliza juu ya mihogo na wanajibiwa, kila kitu kijani. Nikamwambia shangazi haiwezekani, simu haijakataa kitu, kwani baba aliiambiaje?

Nikasikia shangazi anamuuliza. Nikasikia sauti ya baba kwa mbali, taratibu, haina haraka hata siku hiyo.

"Anasema amesalimia," shangazi akasema. "Hajaitikiwa."

"Na ng'ombe? Amesema ng'ombe anaumwa?"

"Bhageshi! Aseme vipi na hajaitikiwa? Wewe umelelewa wapi?"

Niliziba mdomo kwa kiganja. Nilielewa palepale, yote kwa pamoja. Nimelelewa palepale. Kwetu huwezi kufika kwenye mji wa mtu ukatapika shida yako mlangoni. Unasalimia, unaitikiwa, unaulizwa wa ukoo gani, unaulizwa huko utokako, mvua, mifugo, watoto, nawe unauliza, na zamu zote mbili zikishaisha ndipo unaambiwa haya, sema kilichokuleta. Salamu isipoitikiwa, maana yake mwenyeji yuko na jambo. Unangoja. Baba alikuwa amesema "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, akaachia kidole, akangoja. Na proksi yangu ilikuwa imeipokea "Mwangaluka" yake kwa heshima zote, ikaikalisha, na yenyewe ikawa inangoja swali. Baba alikaa Didia kando ya ng'ombe, proksi ikakaa huko inakokaa, kila mmoja anamstahi mwenzake. Jua lilipozama, salamu ikafutwa. Asubuhi akasalimia tena.

Sijui niliongea nini na shangazi baada ya hapo. Nilimwambia akamwite afisa mifugo hata kwa kumburuta. Kisha nikamwandikia mkuu wangu kwamba naenda kwetu. Akajibu, "Subiri kidogo tumalize hili la kuhama." Nikamjibu neno moja ambalo silirudii hapa. Baadaye aliniambia alilisoma mara mbili, akaona anyamaze.

Kesho yake nilipita njia ya Kharumwa mpaka Kahama, nikabadilisha gari la kwenda Shinyanga, nikashuka Didia mchana jua likiwa kali. Kutoka barabarani mpaka kwetu nilitembea nimetega masikio. Nilisikia kuku. Nilisikia watoto wa jirani. Nikajiambia mchana ng'ombe hutulia, kengele ingelia saa ngapi? Nilijiambia hivyo mpaka nikafika uani.

Ngozi ilikuwa imeshatandazwa, imepigiliwa vigingi, imetazama jua. Afisa mifugo alikuwa amefika asubuhi, amesema ni ndigana baridi, amechoma sindano, amesema wangemwita mapema. Kengele ilikuwa imewekwa juu ya kinu cha mama.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini mwa ukuta. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Machozi yalikuwa yameshaanza, nikataka kusema yote palepale, kosa la nani, kikao, subira ya proksi, kila kitu.

"Mwadila, mama," akasema baba, salamu ya mchana. Mimi ananiitaga mama.

"Mwadila, baba."

"Huko Geita hawajambo?"

"Hawajambo."

"Majirani zako wale wachimbaji?"

"Wazima, baba."

"Mvua huko?"

"Ilinyesha kidogo, ikaacha."

"Na kazi yako?"

Hapo nilishindwa. Akanisubiri. Hakunishika bega wala hakuniambia nyamaza, alinisubiri tu nimalize kulia kama anavyomsubiri mtu anayekohoa. Nikasema kazi ipo, baba. Nikamuuliza na mimi, kwa zamu, hali yake, shangazi, mahindi, na kila alipojibu sauti yangu ilirudi kidogo. Tulipofika mwisho, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Haya. Sasa sema kilichokuleta."

"Nimekuja kuitikia salamu, baba."

Kisha akaniuliza, taratibu, "Zilikuwa zinafika?"

Ndipo nilipojua kwamba hazikuwa za siku zile za ugonjwa tu. Tangu nilipomwekea ile huduma, kila asubuhi, akishasafisha koo na kumfungua ng'ombe, baba alikuwa anabonyeza na kunisalimia. Mimi. Si nilimwambia aliyemo ni wa ukoo wangu na bila mimi hasemi kitu? Alidhani niko upande wa pili. Na nisipomwitikia hakukasirika, alijua niko kazini, salamu inafika tu hata kama mwenyewe hana nafasi. Ila shida huwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajakuitikia, hata awe mwanao.

"Hazikuwa zinafika, baba. Zilikuwa zinaishia njiani."

"Zote?"

"Zote. Jioni zinafutwa."

Akatazama ile ngozi. "Basi nilikuwa namsalimia nani?"

Nimeshawahi kukaa mbele ya kompyuta nikatafuta kila kona, huenda moja ilisalia mahali, hata kipande. Hakuna. Tulisema tunafuta na tunafuta kweli, hiyo kazi niliifanya vizuri. Kila moja ya salamu zile ilikuwa na baba ndani yake, na nyuma yake kengele ya mama ikitoka zizini, na kuku, na asubuhi ya kwetu yote jinsi ilivyokuwa. Zilipita mikononi mwangu kila siku nikiwa nimekaa Kalangalala nakufa kwa hamu ya kusikia hivyohivyo. Haki ya Mungu, hilo likinijia naacha chochote ninachofanya.

Baba akasema, "Haya. Zitengenezee njia." Alisema vile anavyosema uzio ukibomoka.

Kazi hiyo nikaifanyia palepale uani, kompyuta juu ya magoti, shangazi akinisimamia na kuuliza kama herufi zile ni za Mungu au za shetani. Niliandika kwamba salamu iitikiwe kwanza, yenyewe, bila kungoja swali, na iitikiwe mpaka mtu mwenyewe atosheke. Yule mkubwa mwenye zamu zake hakukataa hata kidogo. Zamu si ndizo alizotaka tangu mwanzo? Zamu ndizo alizokuwa nazo baba. Mimi wa katikati ndiye niliyekuwa nazibana. Kisha, kwa namba moja tu, ya baba, na kwa ruhusa yake, nikaandika kwamba salamu yake isiende kwa akili mnemba yoyote. Ije kwangu.

Baada ya mavuno baba alitimiza neno lake. Kaka alikuja na gari, wakapakia kigoda, kinu, magunia, na kengele ikiwa imefungwa kwenye kanga ya mama isipige kelele. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Shangazi ndiye anayepita kufagia.

Sasa kila asubuhi, kabla wachimbaji hawajaondoka, simu yangu inatikisika. "Mwangaluka, mama." Naacha kila kitu. Najibu kwa sauti yangu mwenyewe, naachia kidole, nangoja zamu yangu. Nyuma yake ni Kahama, bodaboda, redio ya jirani, mabati. Huwa nainua sauti ya simu mpaka mwisho, najua kabisa hakuna kengele, na bado nainua. Tunaulizana yote, kazi, afya, wajukuu, mpaka salamu zinaisha. Halafu anauliza lile ambalo huliacha mwisho kila siku.

"Kwetu mvua imenyesha?"

Nampigia shangazi Didia, ananikemea kwamba nimemwamsha, ananiambia. Narudi kwa baba. "Imenyesha, baba. Tangu alfajiri."

"Vizuri," anasema. "Majani yataota."

Ng'ombe hatuna. Namjibu, "Yataota, baba," naachia kidole.